Kwa Nini Tulizikataa Bunduki 20 za Kuchezea



Tangu wiki iliyopita maneno yamekuwa mengi kwenye magrupu ya WhatsApp. Eti tumekuwa na kiburi. Mmoja kaandika: "Mkimbizi anakataa zawadi? Hii njo mara yangu ya kwanza kusikia." Mwingine kasema tungezipokea kimya kimya, halafu tuziuze Mbarara. Tumesoma yote. Tumeona afadhali tuandike mambo yalivyokuwa na kwa nini tunaona tulifanya sawa, hata kama baadhi yetu bado inawauma.

Ilikuwa hivi. Mtu mmoja mwenye roho nzuri, aliyepita huku akauona mchezo wetu wa tochi, alituandikia kwamba anataka kutununulia seti 20 za mchezo huo zilizo tayari kabisa, zile wanazochezea watu kwenye kumbi za Ulaya na Marekani. Akatuma picha. Kila seti ina fulana yenye taa na ina bunduki. Na hatusemi kitu kinachofanana kidogo na bunduki. Ni bunduki, nyeusi, ina kitako, ina mdomo mrefu, na ukibonyeza inalia kama risasi. Tuliomba siku tatu za kufikiri. Tukakaa kwenye kibanda chetu, tukagombana, tukapiga kura. Kumi na mmoja walikataa, sita walikubali. Tukamwandikia barua ya asante na ya hapana.

Kwa wale ambao hawajauona mchezo wenyewe, tueleze kidogo. Nje wanauita leza tegi. Jina hilo linadanganya, kwa sababu ndani ya tochi zetu hakuna leza. Wazazi wengi wametuuliza kuhusu macho ya watoto na wana haki ya kuuliza, maana kale kataa kekundu ka leza wanakouza sokoni kanaweza kuumiza jicho kweli. Sisi hatukatumii. Tunatumia mwanga wa infraredi, ule ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni. Jicho haliuoni. Ila elekeza rimoti kwenye kamera ya simu, bonyeza, utaona kataa ka zambarau kanawaka kwenye kioo cha simu. Ndivyo tunavyopima tochi zetu kabla ya kucheza. Hata hivyo mtoto hatumruhusu kuchungulia ndani ya tochi kwa karibu. Hiyo ni sheria tu.

Tochi inatuma ujumbe. Kwenye kofia ya mchezaji mwingine kuna vipokeo, yaani vile vijicho vyeusi vyenye miguu mitatu ambavyo vimo ndani ya kila televisheni na kila dekoda. Taa inawaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde moja, na kipokeo kimetengenezwa kusikiliza mpigo huo, ili kisichanganye ujumbe na mwanga wa jua au wa balbu. Juu ya mpigo huo tunaandika ujumbe kwa urefu wa mwanga. Mwanga wa mikrosekunde 2,400 ni hodi, yaani "nisikilize". Mwanga wa 1,200 ni moja. Mwanga wa 600 ni sifuri. Katikati giza la 600. Hatukuvibuni sisi vipimo hivyo. Vimo kwenye utaratibu unaoitwa MilesTag ambao mafundi wa mchezo huu wanautumia, na ni vile vile vya rimoti za Sony.

Ujumbe mzima una biti 14 na hauchukui hata sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Ya kwanza ni sifuri. Saba zinazofuata ni namba ya mchezaji, kwa hiyo wanaweza kuwa 128. Mbili ni timu, kwa hiyo timu nne. Nne za mwisho ni nguvu, yaani mchezaji aliyepigwa apoteze kiasi gani, na hapo kuna viwango 16. Basi. Mchezo wote uliojaza kumbi za dunia ni hizo biti 14 na mtu wa kuamua zina maana gani.

Tunaomba mshike hilo la mwisho, maana kura yetu ilitoka hapo.

Sisi wenyewe hatukuanza vizuri. Tusijifanye watakatifu. Tochi zetu nne za kwanza zilikuwa na umbo la bunduki. Tulizichonga kwa mbao, tukazipaka rangi nyeusi, na tulijivuna sana. Mmoja wetu aliyesoma hadi kidato cha nne akasomea na simu mambo ya Arduino, ile kompyuta ndogo ya kwenye kibao, ndiye aliyeandika programu. Wengine tulijifunza kulehemu kwa fundi simu wa pale senta. Hapo tucheke kidogo: waya ule unaoyeyuka kwenye chuma cha moto, kwa Kiswahili unaitwa risasi, na ile inayotoka kwenye bunduki nayo ni risasi. Mtoto mmoja alituuliza kwa nini tunayeyusha risasi. Tulimjibu vizuri lakini swali lilibaki kwenye kibanda.

Siku ya tatu ya kucheza, kijana wa miaka 12 alikimbilia upande wa kisima akijificha. Akatokea nyuma ya foleni ya madumu, ameinua kile kibao cheusi, jicho moja amefumba. Kwenye foleni kulikuwa na mama aliyefika mwaka 2025, mwaka ule Goma na Bukavu zilipoanguka. Mama huyo hakupiga kelele. Alilala chini. Alilala kifudifudi kwenye matope, akamvuta na mtoto wa jirani chini yake, akamfunika. Dumu lake lilibingirika, maji yote yakamwagika. Alikaa chini muda mrefu, hata baada ya wenzake kumwambia, "Mama, ni batoto, banacheza."

Alipoinuka alituuliza swali moja tu: "Siye tulikimbia bunduki, njo munatuleteya tena bunduki hapa?"

Tulimchotea maji mengine. Jioni ile tulizipasua zile mbao nne, tukapikia chai. Wengine wetu walidhani mchezo umeisha. Na kweli mzee mmoja wa kanda yetu alitaka uishe, akasema vifaa vyote vya namna hii vipigwe marufuku. Hapo tulikataa pia, kwa heshima. Kwa sababu taa haina kosa. Kipokeo hakina kosa. Kosa lilikuwa kwenye mbao, na mbao tulichonga sisi.

Kwa hiyo tukaanza upya. Sasa mwili wa tochi ni kipande cha bomba la maji la plastiki, rangi ya kijivu, urefu wa kiganja na nusu. Mbele tumefunga lenzi ya kioo cha kukuzia, kwa sababu bila lenzi mwanga unatawanyika na unawapata watu watatu kwa mpigo mmoja, ugomvi hauishi. Lenzi ikikaa mbali sana na taa au karibu sana, haifai. Unasogeza kidogo kidogo usiku, unatazama kwa kamera ya simu doa linavyoanguka ukutani, likiwa dogo unafunga kwa gundi. Kazi hiyo tu ilitula wiki mbili. Tochi huishiki kwa kidole cha kufyatulia. Unaishika kama unavyoshika tochi ukienda chooni usiku, na unabonyeza kwa dole gumba. Hakuna mtu aliyelala chini tena.

Halafu tukaingia kwenye programu. Katika mchezo wa kawaida, mwanga wa adui ukikupata unapunguziwa uhai, na mwanga wa mwenzako haufanyi kitu. Kwenye programu yetu hiyo ni mistari michache: soma timu, kama si timu yangu, uhai toa nguvu. Tulikaa tukaitazama ile alama ya kutoa. Kaka yetu wa Arduino akaifuta, akaweka ya kujumlisha, na akageuza timu. Mwanga wa mwenzako sasa unakuongezea.

Mchezo uliotoka hapo tunauita Mvua. Kila kofia ina taa tano za kijani. Kila baada ya sekunde 20 moja inazima, kama shamba la kiangazi. Huwezi kujimwagia mwenyewe. Lazima mwenzako akuone, akuelekezee tochi, akurudishie. Timu ambayo shamba lake lote limekauka imeshindwa. Kwa watoto wadogo tumeacha hivyo tu. Kwa wakubwa, tochi ya timu nyingine ni jua, inakuzimia taa moja, kwa hiyo kujificha kupo, kukimbia kupo, ujanja upo. Kuna kijana Msomali na kijana Mrundi ambao walikuwa hawasalimiani na sasa wanaitana kwa sauti uwanja mzima, "Nimwagie! Nimwagie!", kwa Kiswahili cha kubahatisha. Msitufanye tuseme kwamba ni mradi wa amani. Tumeshajazishwa fomu nyingi zenye neno hilo. Wanaitana kwa sababu wanataka kushinda.

Sasa rudini kwenye zile bunduki 20. Fulana zake zinakuja zimefungwa. Programu yake iko ndani ya chombo ambacho huwezi kukifungua wala kukisoma. Sheria aliyeandika ni mtu wa kiwandani, na sheria ni kutoa. Ukitaka mwanga wa mwenzako ukuongezee, huwezi. Ukitaka mlio wa risasi unyamaze, labda ukate waya wa spika. Na kifaa kikifa, kimekufa. Sisi kipokeo kikifa tunakitoa, tunaweka kingine cha dekoda mbovu, dakika kumi. Mmesahau zile kompyuta za mkononi za darasani zilizokuja na namba ya siri, aliyeijua akahamishwa, na zikakaa kabatini hadi betri zikavimba? Sisi hatujasahau. Tulikuwa darasani humo.

Mtatuambia: basi mngechukua, mkatoa vitu vya ndani mkavitumia. Tulifikiria. Lakini mtu akikupa kitu atarudi kupiga picha, na ni haki yake. Picha hiyo ingekuwa watoto 20 wa wakimbizi wa Kongo wameshika bunduki nyeusi, wanacheka. Ingekaa kwenye intaneti miaka yote.

Pia kuna jambo la usiku. Mchezo huu una asili ambayo wengi hawaijui. Jeshi la Marekani lilikuwa na mfumo wa mazoezi unaoitwa MILES, wa kufunga leza kwenye bunduki za kweli na vipokeo kwenye mwili wa askari. Ukumbi wa kwanza wa biashara, Photon, ulifunguliwa Dallas mwaka 1984 na George Carter, ambaye wazo lilimjia baada ya kutazama filamu ya Star Wars. Mwaka 1986 kampuni ya Worlds of Wonder ikatoa Lazer Tag ya nyumbani, watoto wakaigombania. Na mwaka 1987, huko California, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akicheza na wenzake usiku kwenye uwanja wa shule alipigwa risasi na ofisa wa usalama aliyedhani ile ya mkononi ni bunduki ya kweli. Alikufa. Hiyo ni Marekani, watu hawajakimbia vita, na bado mtu alishindwa kutofautisha. Huku kwetu giza linaingia saa moja, umeme hakuna, na walinzi wanaopita usiku wana silaha za kweli. Nani atamweleza mlinzi kwamba ni mchezo?

Tuseme sasa upande wa wale sita, maana hawakuwa wajinga.

Wa kwanza alisema tuna tochi tisa tu zinazofanya kazi. Siku ya mchezo wanakuja watoto 60, wengine 80. Wanasubiri kwenye jua, wengine wanarudi nyumbani bila kucheza hata mara moja. Seti 20 zingewapa nafasi kesho, si mwaka ujao. Hilo hatuna jibu lake. Ni kweli. Kila tukiwaona wale wadogo wamekaa kwenye mstari tunalikumbuka. Seti moja yetu inakula karibu shilingi 55,000 za Uganda, sehemu kubwa ni Arduino na lenzi, na kati yetu hakuna mwenye mshahara.

Mwingine alisema watoto wanacheza bunduki hata bila sisi. Nenda nyuma ya nyumba utawaona na bunduki za mgomba, za mabua ya mahindi, wanapigana, "pa! pa!", mmoja anakufa, anafufuka, wanaenda kula. Nalo ni kweli, na sisi hatuendi kuwanyang'anya mabua yao. Tunafikiri mtoto akitengeneza bunduki ya mgomba anaongea. Anasema kitu alichokiona ambacho hana maneno yake. Akichoka anaitupa, ng'ombe anaila. Lakini mtu mzima akimletea mtoto huyo huyo bunduki iliyokamilika, yenye mlio, ndani ya boksi, sasa si mtoto anayeongea. Ni mtu mzima anamwambia: chukua, hii ndiyo sura yako.

Wa tatu ndiye aliyetushinda. Kati yetu yuko mmoja aliyebeba bunduki ya kweli huko nyumbani akiwa na miaka 13. Ametupa ruhusa tuandike hilo tu, si zaidi. Sote tulidhani yeye atakuwa wa kwanza kukataa. Alipiga kura ya kukubali. Akasema, "Ni plastiki. Mimi ninajua tofauti. Nyinyi ambao hamujui njo munaogopa." Kibanda kilinyamaza. Hatukumjibu vizuri siku ile na hata leo hatuna jibu la kumtosha. Tulichoweza kumwambia ni kwamba yeye anajua tofauti lakini mama wa kisimani mwili wake haukungoja kujua. Alicheka, akasema sawa. Bado yuko nasi, na ndiye anayelehemu vizuri kuliko wote. Wengine wawili kati ya sita wameondoka kwenye kikundi. Tunawakosa. Mlango uko wazi.

Kwa ndugu wa mashirika tuna neno moja la pembeni, halihusu bunduki. Mnapenda kutuuliza, "Wasichana wako wapi?" Swali zuri. Tulijiuliza pia, na jibu lilikuwa jua. Mwanga wa jua una infraredi nyingi sana. Saa sita mchana tochi yetu iliyokuwa inafika hatua 40 jioni ilikuwa haifiki hata hatua nane, kipokeo kimezibwa na jua. Kwa hiyo tulikuwa tunacheza saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Na hiyo ndiyo saa ya maji, ya kuni, ya kupika. Wavulana wanacheza, dada zao wako kisimani. Hakuna aliyewafukuza. Sisi tulidhani hawapendi.

Dada mmoja wa kikundi ndiye aliyetuambia bila kuficha: "Sogezeni saa, mutawaona." Lakini saa haisogei kama kifaa hakioni mchana. Tulijaribu kuongeza taa ya pili kwenye tochi, ikasaidia kidogo, mawe yakaisha haraka. Tukajaribu betri za kompyuta mbovu ili tupate nguvu zaidi. Moja ikapata moto ikaunguza meza, tukaacha siku hiyo hiyo, na tunawaomba wengine msijaribu bila mtu anayejua. Kilichofanya kazi ni kitu cha bure. Tulikata vipande vya mrija mweusi, urefu wa kidole gumba, tukafunika kila kipokeo, kama mtu anavyoweka mkono juu ya macho akitazama mbali. Jua la juu halikiingii, mwanga wa mbele unaingia. Ila sasa kinaona mbele tu, kwa hiyo kofia iliyokuwa na vipokeo viwili inahitaji vinne. Ndiyo maana tochi zimebaki tisa. Vipokeo vyote tulivyokuwa navyo viliingia kwenye kofia. Tangu hapo tunacheza Jumamosi asubuhi, saa mbili, kabla jua halijawa kali, na kati ya wachezaji nusu nzima ni wasichana. Mchezaji anayeongoza kwa sasa ni msichana wa miaka 14 kutoka Rubondo ambaye anatembea saa nzima kuja.

Tunaleta habari hii kwa sababu kwenye boksi la seti 20 isingetokea. Tungeambiwa kifaa kinafaa ndani ya ukumbi, ukumbi hatuna, basi tungecheza jioni milele, na kwenye ripoti mngeandika kwamba wasichana hawakujitokeza.

Kwa hiyo tunaomba nini? Mtu yule mwenye roho nzuri ametuandikia tena. Hakukasirika. Ameuliza tunataka nini badala yake, na hili tunalijibu hapa hapa, hadharani, ili kila mtu aone. Tunataka vipokeo vya 38 kilohezi, 100. Hiki ni kitu cha bei ndogo, lakini Mbarara tunavipata vitatu, vinne, si zaidi. Tunataka Arduino kumi na lenzi kumi. Tunataka meza mbili na chuma cha kulehemu cha pili, maana kile kimoja tunakiazima kwa fundi na akikitaka lazima turudishe katikati ya kazi. Na kwa wenye ofisi: tunataka ruhusa ya maandishi ya kutumia chumba chenye umeme wa sola hadi saa mbili usiku, kwa sababu mara mbili tumetolewa nje katikati ya kulehemu, tukiambiwa kwamba chumba ni cha shughuli za vijana.

Kuna wanaotuambia, watu mgao umepunguzwa, nyinyi mnaongelea tochi. Tumo kwenye mgao huo huo, tunajua sahani inavyoonekana. Lakini kijana aliyejifunza hapa kutafuta kosa kwenye saketi sasa anatengeneza redio na taa za sola za majirani, watu wanampa 2,000, 3,000. Hatusemi kila mmoja atakuwa fundi. Wengi watacheza tu, na kucheza nako hakuhitaji kibali cha njaa.

Mama wa kisimani hajawahi kuja kutazama. Tulimpelekea tochi ya bomba aione kabla hatujaanza tena. Aliishika, akaigeuza, akauliza kama inamulika njia. Tukamwambia hapana, mwanga wake hauonekani. Akasema, "Basi muweke na unaoonekana." Tumeweka. Kila tochi sasa ina taa nyeupe pembeni, na watoto wanazitumia kurudi nyumbani jioni kama wamechelewa. Mtoto wake mdogo anakuja Jumamosi.

Na nyinyi mlioko Juru, Base Camp na Rubondo: kama nyumbani kuna rimoti iliyokufa, dekoda iliyokufa, televisheni iliyopasuka, msitupe. Leteni kwenye kibanda siku yoyote baada ya saa tisa. Kwenye rimoti tunachukua taa ya mbele, kwenye dekoda tunachukua kipokeo, mengine tunawarudishia. Mawe yaliyovuja yatoeni kwanza, kwa karatasi, si kwa mkono mtupu.